Peusi Ndipo Pazuri

Mama yangu alianza kuswali kwenye kiti na hakumwambia mtu. Niligundua mwenyewe Ijumaa moja nilipofika Mbwawa bila kupiga simu. Mkeka ulikuwa umetandikwa mahali pake pa siku zote, lakini juu yake kulikuwa na kiti cha plastiki, kile cheupe tunachowapa wageni. Mama alikuwa amekikalia. Alipofika pa kusujudu aliinamisha kichwa na mgongo, akaishia hapo hapo hewani, mikono juu ya mapaja. Nikasubiri atoe salamu. Alipogeuka akaniona mlangoni, akacheka kicheko cha mtu aliyefumaniwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kimya kimya kama polisi."

"Na hicho kiti?"

"Goti," alisema. "Limegoma kushuka."

Mbwawa ninayoisema ni ya Kibaha, mkoani Pwani. Ukiiacha barabara ya Morogoro unapanda bodaboda, lami inaisha, mchanga unaanza, halafu mikorosho. Mjini goti ni kitu cha kupandia ngazi. Huku kwetu goti ni zana ya kazi. Choo ni cha kuchuchumaa. Mafiga yako chini. Mbuzi ya kukunia nazi iko chini, ukiikalia magoti yanakaribia kifua. Karai la kufulia liko chini. Korosho ikiiva inadondoka yenyewe, na wewe unaifuata huko huko ilikoangukia. Halafu kuna swala. Rakaa za faradhi peke yake ni 17 kwa siku, maana yake anayeswali swala tano anasujudu mara 34. Hapo sijahesabu sunna, na mama yangu si mtu wa kuacha sunna.

Goti lenyewe aliliumiza miezi saba kabla ya Ijumaa ile. Alikuwa anatoka kisimani na ndoo kichwani, mguu wa kulia ukazama kwenye mchanga, mtu akamwita kwa nyuma, akageuka. Mwili uligeuka, mguu ukabaki. Anasema alisikia kitu kikilia ndani, "pwa," kama kijiti kibichi. Ndoo hakuiangusha, hilo analisimulia kwa fahari hadi leo. Alifika nyumbani anachechemea, na usiku goti likavimba likawa kama kichwa cha mtoto.

Akafanya kinachofanywa. Akakanda kwa maji ya moto na chumvi. Akamwita mzee mmoja wa mtaa wa pili anayejua kuvuta viungo. Akameza vidonge vya dukani. Uvimbe ukashuka, maumivu yakabaki, hasa upande wa ndani wa goti na hasa akijaribu kukunja. Siku nyingine goti lilikwama katikati, halinyooki wala halikunjiki, mpaka alitikise kidogo liachie. Mwezi wa pili mjomba akampeleka kwenye kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Wakampiga eksirei akiwa amelala kitandani. Jibu likatoka siku hiyo hiyo: mfupa uko sawa.

Sasa angalia sentensi inavyosafiri. Kituoni ilikuwa "mfupa uko sawa". Kwenye bodaboda ya kurudi ikawa "goti liko sawa". Mpaka inafika Mbwawa, mjomba anaisimulia barazani, imekuwa "daktari kasema hakuna kitu". Na mimi, niliyeisikia kwa simu nikiwa chumba cha habari Dar es Salaam, nikaipokea kama ilivyofika. Kazi yangu ni kuuliza maswali. Nikimhoji mkuu wa wilaya nauliza nani kasema, kasema lini, una karatasi? Kwa mama nikauliza lile la karatasi tu. Karatasi ilikuwepo, ina muhuri, na haikuonyesha ubovu wowote.

Kuanzia hapo mama akawa mtu mwenye maumivu yasiyo na ushahidi. Hakuna aliyemwambia kwamba anadanganya. Sisi watu wa Pwani hatusemi hivyo. Tunasema "umri nao," tunasema "amechoka tu," tunasema "mama anapenda kudekezwa siku hizi". Mimi nilisema hilo la mwisho. Nililisema kwa utani, kwa mdogo wangu, na mama alikuwa chumba cha pili.

Nilichokuja kukielewa baadaye ningeweza kukielewa siku ile ile, kama ningeuliza swali moja zaidi: eksirei inaona nini? Eksirei inaona mfupa vizuri kwa sababu mfupa unazuia ile mionzi. Lakini goti si mfupa mtupu. Umewahi kula paja la kuku ukafika mwisho, pale kwenye ncha nyeupe inayong'aa na kuteleza, ambayo watoto wanapenda kuitafuna? Ile ndiyo gegedu. Sisi nasi tunalo, limevikwa kwenye ncha za mifupa inayokutana gotini, unene wake milimita chache tu, na kazi yake ni kufanya mfupa uteleze juu ya mfupa bila kusagana. Kisha, katikati ya mfupa wa paja na ule wa muundi, kuna vipande viwili vya gegedu la aina nyingine, gumu na lenye nyuzinyuzi, kila kimoja kimepinda kama mwezi mchanga. Vinaitwa meniski. Vinafanya kazi ya kata, ile tunayoiweka kichwani chini ya ndoo ili mzigo utulie.

Vyote hivyo eksirei haivioni. Inachoona ni uwazi kati ya mfupa na mfupa, na kwa uwazi huo daktari anakisia kama gegedu limekwisha. Tena uwazi huo unaaminika zaidi mtu akipigwa picha amesimama, uzito wake ukiwa juu ya goti. Mama alipigwa amelala, goti limepumzika. Kwa hiyo jibu la kituo halikuwa uongo. Mfupa ulikuwa sawa kweli. Sisi ndio tuliolikuza jibu kuliko swali lililoulizwa.

Kilichotuamsha ni uvimbe mpya. Ile Ijumaa ya kiti, baada ya chai, mama aliniruhusu nimguse goti. Nyuma yake, pale panapokunjika, palikuwa na kitu cha mviringo, ukubwa wa limao, kinabonyea. Alikuwa anakijua kwa wiki tatu. "Sikutaka kusema," alisema, "maana nikisema mtasema." Jirani yetu alikuwa ameshampa tafsiri mbili: ama ni jipu la ndani, ama ni mkono wa mtu. Mimi nilikuwa na tafsiri ya tatu ambayo sikuitamka, ile ambayo kila mwenye mzazi anaiogopa akisikia neno uvimbe.

Jumatatu nikampeleka hospitali nyingine. Daktari alimsikiliza, akamlaza, akaukunja na kuuzungusha mguu wake taratibu huku akimtazama usoni, kisha akaandika kwenye karatasi: altrasaundi ya goti.

Mama alisoma neno la kwanza akakunja karatasi. "Mwanangu, mimi nina miaka 61. Hicho kipimo cha mimba nakwenda kukifanyia nini?"

Hakuwa peke yake kwenye wazo hilo. Kwenye benchi nje ya chumba walikaa wajawazito sita, na katikati yao mama yangu, na fimbo yake. Mmoja alimpisha akae vizuri, akamwuliza kwa heshima, "Mama umemleta mkwe?" Mama akajibu, "Nimejileta mwenyewe," na benchi zima likacheka. Na yeye alicheka. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo muda mrefu.

Wazo kwamba altrasaundi ni ya mimba lina chanzo chake. Mwaka 1958 daktari wa wanawake wa Glasgow, Ian Donald, na wenzake walichapisha kwenye jarida la The Lancet picha za matumbo zilizopatikana kwa mawimbi ya sauti, na tangu hapo mashine na mjamzito vikawa kama ndugu. Lakini Donald hakuanza na mashine ya hospitali. Alianza na ile iliyokuwa ikitumika viwandani kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Unapeleka sauti ndani ya chuma. Ikikutana na ufa, inarudi. Kwa hiyo kutafuta ufa kwenye goti hakukuwa kuitoa mashine njiani. Na goti nalo halikuchelewa sana: mwaka 1972 watafiti wawili, McDonald na Leopold, walionyesha kwamba altrasaundi inaweza kutenganisha uvimbe wa maji nyuma ya goti na damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu, vitu viwili ambavyo kwa macho na kwa mkono vinafanana.

Namna inavyofanya kazi mtu wa Mbwawa hahitaji kufundishwa kwa muda mrefu, kwa sababu popo wetu wa usiku wanaifanya kila siku. Popo anatoa sauti, sauti inagonga kitu inarudi, naye anajua kuna nini mbele na kiko umbali gani. Sikio la binadamu linakomea kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Mashine ya hospitali inatumia mamilioni. Kwa tumbo hutumia kati ya milioni 2 na 5, kwa sababu inabidi sauti ifike mbali ndani. Kwa goti hutumia milioni 7 hadi 15, hata zaidi, kwa sababu mitetemo ikiwa mingi picha inakuwa kali, ila haifiki mbali. Goti liko karibu na ngozi, linaruhusu. Ndiyo maana kile kichwa cha mashine anachokishika mpimaji, wenyewe wanakiita probu, si kimoja. Cha tumbo kimepinda, cha goti ni bapa. Kituo kinaweza kuwa na mashine nzuri ya wajawazito na kisiwe na probu bapa. Au kikawa nayo, na asiwepo aliyefundishwa kulisoma goti.

Sisi tulibahatika vyote viwili. Mpimaji alikuwa kijana, pengine mdogo kwangu. Alimwamkia mama, akamweka kitandani na mto chini ya goti, akampaka ile jeli ya baridi. Jeli ni kwa sababu ya hewa: sauti hii haivuki hata utando mwembamba wa hewa kati ya probu na ngozi. Halafu akafanya kitu ambacho katika miezi saba hakuna mtu, nikiwemo mimi, aliyekifanya. Alisema, "Mama, kabla sijaangalia popote, niwekee kidole panapouma."

Mama hakusita. Aliweka kidole upande wa ndani wa goti, kwenye mstari ambapo mifupa miwili inakutana. Kijana akaondoa kidole chake polepole, akaweka probu pale pale.

Kwenye kioo palitokea mistari miwili mieupe yenye kung'aa, mfupa wa juu na mfupa wa chini, na katikati kitu cha umbo la pembetatu, cheupe pia lakini kimefifia. "Hii ni meniski ya ndani," alisema. "Inatakiwa ikae hapa, katikati ya mifupa. Yako imetokeza nje, unaona? Na hapa ndani yake kuna mstari mweusi, huu mwembamba. Huu si wa kuzaliwa." Kisha akamwomba asimame, ashikilie kitanda, aweke uzito kwenye mguu wa kulia. Akapima tena akiwa amepiga goti mbele ya mama. Kwenye kioo ile pembetatu ilisukumwa nje zaidi. Mama aliuma mdomo. Picha ilikuwa inasogea wakati ule ule uso wake ulipokuwa unakunjamana, na mimi nikiwa nimesimama pale na mkoba wake begani niliona vyote viwili kwa pamoja.

Akamlaza tena. "Sasa naomba ukunje goti kadiri unavyoweza. Usijilazimishe." Gegedu la mfupa wa paja limejificha chini ya kile kifuniko cha goti, na sauti haipenyi mfupa, mpaka goti likunjwe sana ndipo sehemu yake kubwa inapotoka na kuonekana. Yaani ili kuliona gegedu linalobeba sijida, inabidi goti likaribie kukunjwa kama la sijida. Mama alikunja, akafika mahali, akasimama. Kijana hakumharakisha. Alisubiri. Mama akavuta pumzi, akasema bismillah, akaongeza kidogo.

Pakaonekana mstari mweupe wa mfupa, umepinda kama bonde, na juu yake utepe mweusi.

"Hapo peusi," mama alisema kabla hajaambiwa, "ndipo palipooza?"

"Hapana, mama. Peusi ndipo pazuri."

Akatueleza. Gegedu zima lina maji mengi na limepangika vizuri, sauti inapita bila kugonga kitu, haina cha kurudisha, kwa hiyo kwenye picha ni jeusi tupu, kingo zake kali kama zimekatwa kwa wembe. Likiumia au likichakaa linaanza kuwa na ukungu, kingo zinapotea, unene hauwi sawa. Akasogeza probu upande wa ndani. Pale utepe ulikuwa mwembamba, na weusi wake umeingia kijivu kama chai iliyotiwa maziwa kidogo. "Hapa ndipo palipochoka. Lakini ona huku," akarudi katikati na upande wa nje, "huku bado una peusi pengi." Alisema kama anamhesabia mtu akiba yake.

Mwisho akamgeuza kifudifudi, akaangalia ule uvimbe. Ulikuwa maji. Goti linapoumia ndani linatengeneza majimaji kupita kiasi, na majimaji hayo yanajipenyeza nyuma, kati ya misuli, yanajikusanya kwenye kifuko. Wataalamu wanauita uvimbe wa Baker, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Uingereza wa karne ya 19. Akabonyeza mshipa wa damu pembeni kwa probu; ukajifunga na kufunguka. Hakuna damu iliyoganda. Si jipu. Mkono wa mtu haukuonekana. Na ile tafsiri yangu ya tatu nikaimeza pale pale, nikatoka nje kidogo nikajifanya napokea simu.

Nisiimbe sifa za mashine kupita kiasi. Kijana mwenyewe alitukataza. Alisema altrasaundi inaona vizuri kilicho karibu na ngozi: kingo za meniski, maji, kano za pembeni, na sehemu ya gegedu. Chini ya kifuniko cha goti haioni. Sehemu za ndani za meniski, na zile kano mbili zilizopishana katikati ya goti, haziamini sana. Huko ni kazi ya MRI, na kwa wengi wetu MRI ina maana ya safari ya Dar es Salaam, kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili au Taasisi ya Mifupa ya MOI pale pale, na bei ambayo inamfanya mtu aulize kwanza kama goti ni la lazima. Tena picha ya altrasaundi inategemea mkono wa anayepima kuliko karibu kipimo kingine chochote. Mkono ukikaa vibaya, kano nzima inaonekana kama imekatika. "Kwa hiyo kwenye ripoti nitaandika nilichokiona," alisema, "na nitaandika pia nisichoweza kukiona." Na kweli aliandika. Mstari wa mwisho wa ripoti ile ulitaja sehemu ambazo kipimo hakikuzifikia. Nimehariri habari nyingi maishani mwangu. Mstari wa aina hiyo ni nadra sana kuukuta.

Daktari alipoisoma hakuona haja ya kukimbilia kisu. Meniski ina damu kwenye ukingo wake wa nje tu. Sehemu ya ndani haina, na gegedu lile la kwenye mfupa halina damu wala mishipa ya fahamu, kwa hiyo haliponi kama kidonda kinavyopona. Lakini misuli ya paja ikiwa na nguvu inalibebea goti sehemu ya mzigo. Akampa mazoezi: kukaa kwenye kiti na kunyoosha mguu, kuushikilia, kuushusha. Akamwelekeza fimbo aishike mkono wa kushoto, upande usiouma, maana miezi yote alikuwa anaishika kulia. Na akamwambia, kama goti litaendelea kukwama, arudi wazungumze kuhusu MRI na wapasuaji.

Tukarudi. Kwenye daladala mama alikaa dirishani, bahasha ya picha mapajani. Tulipita Maili Moja kimya. Halafu, bila kunigeukia, akauliza:

"Na wewe, kabla ya leo, uliniamini?"

Nilianza kusema kitu kuhusu kazi, kuhusu foleni, kuhusu karatasi ya kwanza. Akanigusa mkono. "Basi, mama. Nimeuliza tu." Anapoamua kuniita mama, najua amenisamehe na najua pia kwamba kulikuwa na cha kusamehe.

Ningependa hadithi iishie hapo, picha imekuja, mama kaaminiwa. Jumamosi iliyofuata mjomba alifika. Akaitazama picha, akaigeuza, akaitazama tena. Yeye kwa miezi alikuwa upande wa "hakuna kitu". Sasa akasema, kwa huruma ya kweli kabisa, "Dada, kumbe unaumwa. Basi shamba hili huliwezi tena. Tuliuze." Kibaha inakua, madalali wa viwanja wanafika hadi huku, kila mwezi kuna mtu anasimamisha pikipiki anauliza ekari bei gani. Kumbe goti lisilo na ushahidi lilimfanya mama mvivu, na goti lenye ushahidi likamfanya amekwisha. Nilifungua mdomo nimtetee. Mama akaniwahi.

"Kaka," alisema, "hiyo picha ni ya goti. Haijapiga shamba."

Mjomba akacheka, lakini hakukubali. Mimi pia nilikaa na swali. Kama ningekuwa mkweli, sehemu yangu moja ilikuwa upande wa mjomba. Nilikuwa nimetoka tu kujifunza kumwamini mama anaposema panauma, na hapo hapo nikawa tayari kutomwamini anaposema anaweza. Nikamwuliza, taratibu, "Mama, korosho zitaokotwaje?" Akanionyesha kigoda. Kirefu kidogo kuliko cha kawaida, amekwishamwagiza fundi. Akanionyesha mti mrefu wenye ncha ya kikombe cha bati, wa kuvutia korosho zilizo mbali. Alikuwa ameshayafikiria haya yote, wakati sisi tunajadili kama anaumwa au haumwi.

Msimu uliopita nilichukua likizo ya wiki moja nikaenda kusaidia. Mama alikaa kwenye kigoda chini ya mkorosho wa kwanza, akakusanya za karibu, akapanda na kushuka mguu wake mara kumi kila baada ya muda, akihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Mimi nilichuchumaa. Baada ya nusu saa nilikuwa nasimama kila dakika tano kujinyoosha, na yeye ananitazama.

"Panauma wapi?" aliniuliza.

Nikamwekea kidole.

Picha yenyewe ipo kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi za shamba na kadi ya kliniki yangu ya utotoni. Wageni wakija anaitoa. Wengi wanamwuliza ni mimba ya nani. Anawaachia wakisie kwanza, kisha anaweka kidole kwenye ule utepe mwembamba na kuwaambia pale ndipo palipochoka, halafu anakisogeza. "Lakini hapa," anasema, "hapa bado." Kiti cha plastiki bado kiko juu ya mkeka. Goti linashuka zaidi kuliko mwanzo, halijafika chini. Sijida zake ni za hewani bado, 34 kwa siku, na za sunna.